Zahanati Ishushwe Bondeni ili Presha ya Bibi Ipate Kushuka

Evelyne Rwegasira,
Kidato cha Tatu,
Nyumba ya mwisho kabla ya kijito,
Muleba.

Kwa Mganga Mfawidhi,
Zahanati yetu ya kule juu.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: OMBI LA KUSHUSHA ZAHANATI, PAMOJA NA MALALAMIKO MENGINE YALIYOLETWA NA PRESHA

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wagonjwa wako kwa kadiri inavyowezekana.

Kabla sijalalamika, nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si shangazi yangu, si padre, wala si mwalimu wangu wa darasa. Rafiki yangu mkubwa ana umri wa miaka sitini na tisa. Wenzangu shuleni wakianza kutajiana marafiki zao, mimi huinama kama mtu aliyeangusha kalamu. Rafiki huyo ni bibi yangu mzaa baba, Ma Immakulata, ambaye naishi naye. Mimi ni mkimya na yeye anaongea kwa niaba yetu sote wawili. Jioni humsomea vitabu vyangu vya shule naye hubishana navyo. Tulipofika kwenye milima ya Ulaya aliuliza kama mwandishi amewahi kufika huko au amesimuliwa tu.

Nakueleza haya ili ujue kwamba siandiki kwa chuki. Naandika kama mtu mwenye maslahi.

Nadhani unaikumbuka siku yenyewe. Tulimleta Philbert, mtoto wa shangazi anayelelewa na Bibi, mwenye miaka minne, aliyekuwa na kikohozi. Bibi alimbeba mgongoni hadi juu kwa sababu mtoto alikataa kubebwa na mimi. Nesi Zuena alimwona Bibi anahema mlangoni, akamkalisha kwenye benchi, akamwacha apumzike, kisha akamfunga ile mashine mkononi. Ilisoma 168 kwa 100. Akarudia, ikasoma karibu vilevile. Ndipo Nesi Zuena akasema kwa upole maneno ambayo yameiharibu nyumba yetu: "Bibi, una presha ya kupanda."

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu Bibi. Nyumbani tunaongea Kihaya. Kiswahili Bibi alikipata darasani, akiwa amekaa chini na kibao mapajani, na mtu aliyeipata lugha kwa taabu hiyo huamini kila neno lake. Sisi tukisikia "presha ya kupanda" tunaelewa ugonjwa. Bibi alielewa maelekezo ya njia.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. MLIMA

Zahanati yako iko juu. Bibi alipanda. Presha ikapanda. Bibi anasema hakuna cha kushangaza hapo, kwa sababu mtu akipanda na mzigo, mzigo nao hupanda. Nesi Zuena alimweleza kwamba ni kweli mlima huongeza kidogo, na ndiyo maana alimpumzisha kwanza. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akajibu: "Bojo, tafadhali, nilikaa, sikatai. Lakini nilikaa juu."

Tangu siku hiyo hajarudi. Anasema mnawapandisha watu mlima halafu mnawashtaki kwa kupanda.

Nimejaribu kulichunguza jambo hili kwa vitabu. Katika Jiografia nimesoma kwamba kadiri mtu anavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua. Hili lilinisumbua kwa sababu linapingana na Bibi. Nilimsomea. Akasema hiyo ni presha ya hewa, na yeye si hewa. Najua pia utasema kwamba mimi nilipanda mlima uleule, na Nesi Zuena aliponipima ili Bibi aone kwamba haiumi, nilisoma 104 kwa 66. Nimelifikiria hilo. Mimi ni mwembamba na sipendi kuonekana, hivyo huenda mlima haukuniona.

Kwa hiyo naomba zahanati ishushwe bondeni, karibu na kijito, ambako hakuna mtu anayeweza kwenda chini zaidi bila kulowa. Jirani yetu Ta Rugaibula yuko tayari kutoa kona ya kibanja chake, lile shamba la nyumbani, upande wa migomba iliyoanguka. Masharti yake ni mawili: jengo liitwe kwa jina lake, na yeye awe anapimwa wa kwanza.

2. WASTANI

Huyu Ta Rugaibula ndiye chanzo cha malalamiko ya pili. Zamani alipougua homa na kukataa chakula, alipimwa akakutwa na 92 kwa 60. Homa ilipona, lakini ile presha ya kushuka aliibakiza kama cheo. Akialikwa sherehe anaketi mbele, na akiulizwa anasema ana presha ya kushuka, hawezi kukaa nyuma.

Alipopata habari za Bibi alikuja siku hiyohiyo. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema kwa heshima ya Kihaya: "Ma Immakulata, wewe unapanda, mimi nashuka. Waitu, si tungekutana katikati?"

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso. "Nikutane na wewe wapi, Ta Rugaibula, mtu anayeshuka? Shuka salama. Ukifika utusalimie."

Lakini mimi nililichukua wazo lile nikalifanyia hesabu. Ukijumlisha presha ya Bibi na ya Ta Rugaibula kisha ugawanye kwa mbili, unapata 130 kwa 80. Ukiniongeza mimi na kugawanya kwa tatu, tunafika 121 kwa 75, na hapo nadhani hata Nesi Zuena angetupongeza. Bado sijamhesabu Philbert, ambaye hakutulia ili apimwe.

Shuleni kwetu darasa likipata wastani mzuri, mwalimu anasifiwa mbele ya wazazi, na hakuna anayeuliza habari za mwanafunzi mmojammoja. Naomba zahanati nayo ifuate utaratibu huu. Watu wa bondeni wapimwe kwa pamoja, wajumlishwe, na kama wastani unaridhisha, warudi nyumbani.

3. CHUMVI

Mlimwambia Bibi apunguze chumvi. Katika mazungumzo hayohayo mlimtakia maisha marefu. Naomba uangalie mambo haya mawili yanavyogongana.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba mtu mzee ni mtu aliyekula chumvi nyingi. Huo ni msemo sanifu, uko kwenye mtihani. Bibi aliposikia agizo lenu aliuliza: kama aliyekula chumvi nyingi ndiye aliyeishi sana, sasa anayeambiwa aipunguze anaambiwa nini? Nilienda kupekua daftari, na mimi ndiye niliyepata alama ya juu katika somo hilo.

Shangazi, ambaye anaishi Kitendaguro, alipiga simu akasema tusibishane, tuifiche tu chumvi. Tuliificha. Bibi alionja maharage, akaweka kijiko chini, akaniuliza nani amekufa. Jioni aliikuta chumvi nyuma ya debe la unga akairudisha mahali pake, na siku iliyofuata maharage yalikuwa ya kukausha midomo. Msimu wa senene ulipofika aliwakaanga kama kawaida yake, yaani senene wanaonekana kwa shida kati ya chembe za chumvi, akasema hao wadudu wameletwa na Mungu kutoka juu na wao hawajaambiwa wana presha ya kupanda.

Naomba mkae na walimu wa Kiswahili mkubaliane. Ama msemo ubadilishwe au agizo libadilishwe. Haifai serikali moja kutufundisha chumvi darasani na kutukataza zahanati.

4. DAWA ISIYOISHA

Hili ndilo lililonifanya nikose usingizi na niombe karatasi.

Mlimpa Bibi vidonge, mkamwambia ameze kimoja kila asubuhi, na vikiisha aje achukue vingine. Bibi aliuliza vinaisha lini kabisa. Nesi Zuena akasema haviishi, Bibi, hii ni dawa ya maisha.

Bibi amemeza dawa za malaria na za minyoo, na zote zilikuwa na mwisho. Ameamua kwamba kitu kinachomezwa kila siku bila mwisho hakiwezi kuwa dawa. Ni chakula. Na chakula mtu hula akisikia njaa. Sasa, njaa ya vidonge hivi ni nini? Hapo alisaidiwa na majirani, ambao wote wanajua kwamba presha huletwa na kuudhiwa. Wakisema "usinipe presha" wanamaanisha "usiniudhi". Kwa hiyo Bibi humeza kidonge siku akiudhiwa. Asipoudhiwa havigusi. Pale kwetu havijulikani tena kama vidonge vya presha. Philbert huviita vidonge vya hasira, na akivunja kitu hukimbia kuvileta mwenyewe.

Tatizo ni kwamba nyumba yetu ina amani sana. Kopo limejaa.

Nilipomweleza Shangazi kwenye simu alisema: "Evelyne, basi muudhi. Kila asubuhi, kabla hujaenda shule. Ni kwa uzima wake."

Mganga, mimi si hodari wa kuudhi. Sikulelewa hivyo. Lakini nilijaribu. Asubuhi ya kwanza nilimwambia kwamba ndizi za Ta Rugaibula zinaiva laini kuliko zetu. Alicheka hadi akashika ukuta, akaniuliza ni nani aliyenituma. Asubuhi nyingine nilikataa kumsalimia kwa magoti. Alinishika paji la uso aone kama nina homa, akanikataza kwenda shule, akanipikia uji. Siku niliyojitahidi zaidi nilimwambia kwamba simpendi. Nilikuwa nimefanya mazoezi njiani kutoka kisimani. Akasema, "Mwana wange, hata uongo una watu wake. Wewe huuwezi. Kachukue vitabu, utachelewa."

Nilienda shule nikilia, na kidonge hakikumezwa.

Kwa hiyo naomba zahanati itupatie mtu mwenye ujuzi wa kuudhi, aliyesomea, apite nyumbani kwetu kila asubuhi. Kama bajeti hairuhusu, basi naomba cheti cha Bibi kiandikwe wazi: kidonge kimoja na hasira moja, kutwa mara moja.

5. UKIMYA

Ukutani kwenu kuna bango linaloiita presha "muuaji wa kimya". Nesi Zuena alisema ni kwa sababu mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi asisikie kitu, hadi siku anapoanguka kwa kiharusi.

Napinga neno hilo. Mimi ni mkimya tangu kuzaliwa. Walimu wameandika hivyo kwenye ripoti zangu zote, na majirani wakiona mtoto hasemi huanza kumfikiria vibaya hata bila bango. Watu wakimya tunazo lawama za kutosha. Kama ugonjwa hauna sauti, mlaumuni ugonjwa.

Tena bango hilo limemsaidia Bibi kukataa. Anasema kitu ambacho hakiumi, hakiwashi, hakivimbi na hakisemi, hakipo. Anasema yeye anamjua kila mtu wa bondeni na hajawahi kutambulishwa kwa huyo muuaji.

6. UMRI

Mlimwambia kwamba kadiri mtu anavyozeeka mishipa yake inakakamaa, kwa hiyo hata kama ujanani alikuwa salama, sasa lazima apimwe mara kwa mara. Lakini huo umri wa sitini na tisa ulikadiriwa na mwandikishaji wa vitambulisho kwa kumtazama, siku ambayo Bibi alikuwa ametoka kuchimba. Bibi mwenyewe anajua tu kwamba alizaliwa wakati wa mavuno ya kahawa, mwaka ambao ilikuwa nyingi. Naomba mpunguze miaka mitano, halafu mishipa ijulishwe.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Kwa kifupi: zahanati ishuke, presha zijumlishwe, chumvi ipatane na Kiswahili, hasira iletwe nyumbani, ukimya uombwe radhi, na miaka irekebishwe. Yakitekelezwa yote, naamini Bibi atakutwa hana presha, na mimi nitaendelea kuwa na mtu wa kumsomea. Kama yako yasiyowezekana, nitaridhika na hilo la kuwa na mtu wa kumsomea.

Msalimie Nesi Zuena na umwambie kikohozi cha Philbert kimepona. Msalimie mlinzi, na yule mama anayepiga deki ambaye alitupisha kwa heshima, na wagonjwa wote walioko kwenye benchi wakati unaisoma. Bibi angewasalimu pia lakini hajui kama nimeandika.

Ni mimi mwenye adabu na wasiwasi,

Evelyne Rwegasira

N.B. Barua hii ilikuwa imekwisha kufungwa nilipolazimika kuifungua.

Jana Nesi Zuena alikuja bondeni na huduma ya mkoba kuchanja watoto. Meza yake iliwekwa kwenye kibanja cha Ta Rugaibula, karibu na kijito, palepale nilipoomba zahanati ihamie. Alikuwa na ile mashine. Bibi alipoiona alifurahi. Alisema mbele ya akina mama wote kwamba sasa ukweli utajulikana, akaketi kabla hajaambiwa.

Nesi Zuena alifuata taratibu zote. Bibi alikuwa hajapanda popote tangu juzi. Alipumzishwa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza, na hakuruhusiwa kuongea, jambo ambalo watu walisogea kulishuhudia. Hakuna aliyemuudhi. Mashine ikasoma 182 kwa 106. Nesi Zuena akasubiri, akapima mkono wa pili. Ilikuwa vilevile.

Ta Rugaibula akasema mashine imeharibika, akatoa mkono wake ili ithibitike. Alisoma 158 kwa 96. Alivaa kofia yake. Wastani wetu nao sitaurudia hapa, maana niliupiga kichwani palepale na haufai.

Bibi alikitazama kijito kama mtu anayetafuta mahali pengine pa chini. Halafu akanyamaza. Nesi Zuena alikuwa amemruhusu kuongea lakini bado alinyamaza, na sikuwahi kumwona hivyo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa bango lolote.

Kwa hiyo nafuta malalamiko ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne na ya sita. La tano nalisimamia. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu watu wa bondeni ni wengi na wote waliwasikia ninyi jinsi Bibi alivyowasikia, hivyo ni vizuri ujue mlisema nini.

Nilichofanya ni hiki. Nilisimama mbele ya akina mama na watoto wao, mimi ambaye hata darasani sinyooshi mkono, nikamuuliza Nesi Zuena kwa sauti: Bibi akimeza kila siku na akila chumvi kidogo, ataishi? Alisema hawezi kuniahidi siku za mtu, lakini wengi wanaomeza kila siku huishi miaka mingi, na wengi wasiomeza huletwa wamebebwa. Nikamgeukia Bibi nikamwambia kwamba sina rafiki mwingine. Nililisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho anachokiamini. Akina mama walisikia na nadhani shule nzima itasikia.

Bibi alisema: "Basi usilie mbele ya Rugaibula, atafikiri unamlilia yeye."

Leo asubuhi kabla ya chai nilimpelekea kidonge na kikombe cha maji. Alikimeza, kisha bila kuombwa akafungua mdomo na kunitolea ulimi nihakikishe. Nilihakikisha. Nimevaa sare, na sasa napanda kuileta barua hii.